Herufi Iliyoishi Miaka Ishirini: Kisa cha Ԋ ya Wakomi



Chukua kalamu uandike maneno mawili: nani na nyani. La kwanza ni kiulizi. La pili ni jina la mnyama. Ukiyatamka polepole utatambua kwamba yanatofautiana kwa sauti moja tu, ile ya mwanzo. Katika nani, ncha ya ulimi hugusa ufizi. Katika nyani, ni bapa la ulimi linaloinuka hadi kwenye kaakaa gumu. Sauti hiyo ya pili ni moja, lakini sisi huiandika kwa herufi mbili, n na y. Tumekwisha kuizoea hali hiyo, hata hatujiulizi kwa nini sauti moja ibebwe na herufi mbili, wala ni nani aliyeamua iwe hivyo.

Kuna watu wa kaskazini ya mbali waliojiuliza swali hilo kuhusu lugha yao wenyewe. Jibu lao lilikuwa herufi mpya, Ԋ, ambayo kwa umbo dogo huandikwa ԋ. Ni herufi Н ya Kirusi, yenye sauti ya n, iliyoongezewa kikia kilichopinda kwenye mguu wa kulia. Ilisimamia sauti ileile ya mwanzo wa neno nyani. Ilizaliwa mwaka 1918, na kufikia mwaka 1938 ilikuwa imeondolewa shuleni na viwandani mwa uchapaji. Katika makala haya tutaeleza namna ilivyozaliwa, namna ilivyokufa, na jambo ambalo kisa chake kinatufundisha sisi tulio raia wa nchi zenye lugha nyingi.

Wakomi ni nani?

Wakomi ni taifa dogo linaloishi kaskazini-mashariki mwa sehemu ya Ulaya ya nchi ya Urusi, katika misitu ya misonobari na mito mirefu inayoganda wakati wa baridi. Mji wao mkuu ni Syktyvkar, takriban kilomita 1,000 kutoka Moscow. Jina hilo lina maana ya mji ulioko kwenye mto Sysola, kwa kuwa katika Kikomi kar ni mji.

Lugha ya Kikomi haina udugu na Kirusi. Ni lugha ya jamii ya Kiurali, na jirani yake wa karibu zaidi kinasaba ni Kiudmurti. Kwa mbali ina undugu na Kifini na Kihangaria. Jambo hili ni la msingi kwa kisa chetu: lugha isiyo ya ukoo wa Kirusi ilijikuta, kwa sababu za utawala na dini, ikiandikwa kwa herufi za Kirusi. Herufi hizo huitwa za Kikirili, nazo hutumiwa pia kuandika lugha nyingine nyingi, kama vile Kibulgaria na Kiserbia.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba Wakomi walikuwa hawana maandishi kabla ya hapo. Katika karne ya 14, mmishonari wa Kanisa la Othodoksi aliyejulikana kwa jina la Stefan wa Perm aliwabunia alfabeti iliyo yao peke yao. Mapokeo huutaja mwaka 1372. Alfabeti hiyo iliitwa Anbur, jina lililotokana na herufi zake mbili za mwanzo, An na Bur. Kwa hiyo Kikomi kimo miongoni mwa lugha za mwanzo kuandikwa katika jamii nzima ya Kiurali. Lakini baada ya karne chache Anbur iliachwa, na ilipofika karne ya 18 kila aliyetaka kuandika Kikomi alitumia herufi za Kirusi kwa namna aliyoiona yeye inafaa.

Hali hiyo haikuzuia vipaji. Ivan Kuratov, aliyezaliwa mwaka 1839 na kufariki mwaka 1875, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa fasihi ya Kikomi. Lakini mashairi yake mengi hayakuchapishwa mpaka miongo mingi ilipopita baada ya kifo chake. Lugha ilikuwa na mshairi, ila haikuwa na tahajia moja, shule wala gazeti.

Mwaka 1918: walimu wanaamua

Mapinduzi ya mwaka 1917 yaliiangusha dola ya kifalme ya Urusi. Watawala wapya waliahidi kwamba kila taifa ndani ya nchi hiyo litakuwa na haki ya kusoma kwa lugha yake. Ahadi ni jambo moja, vitabu ni jambo jingine. Ili kuchapa kitabu cha darasa la kwanza kwa Kikomi, ilikuwa lazima kwanza kuamua Kikomi kiandikwe vipi.

Ndipo Vasily Molodtsov, mwalimu na mtaalamu wa lugha aliyekuwa Mkomi mwenyewe, alipopendekeza alfabeti iliyobeba jina lake hadi leo. Pendekezo lake lilijadiliwa na kukubaliwa katika mikutano ya walimu mwaka 1918. Tukumbuke neno hilo, walimu, kwa maana tutalirudia: uamuzi wa kwanza ulifanywa na watu ambao kesho yake wangesimama mbele ya watoto wakiwa na chaki mkononi.

Kanuni ya Molodtsov ilikuwa nyepesi: sauti moja, herufi moja. Alichukua herufi nyingi za Kirusi jinsi zilivyo, akaongeza herufi nane ambazo hazikuwahi kuonekana katika Kirusi: ԁ, ԃ, ԅ, ԇ, ԉ, ԋ, ԍ na ԏ. Katika nane hizo, ya kwanza, ԁ, ilikuwa d ya kawaida iliyopewa umbo jipya. Sita, yaani ԃ, ԅ, ԉ, ԋ, ԍ na ԏ, zilisimamia konsonanti za kaakaa gumu. Hizi ni sauti zinazotamkwa kama d, z, l, n, s na t, ila ulimi ukiwa umeinuka hadi kaakaani, kama unavyoinuka unapotamka ny. Iliyobaki, ԇ, ilisimamia sauti ya mkwaruzo inayoanza kama d na kuishia kama z, nayo ikitamkwa palepale kaakaani.

Katika Kikomi tofauti hiyo baina ya ufizi na kaakaa si pambo. Hubadili maana ya neno, kama vile nani na nyani zinavyotofautiana kwetu. Kwa hiyo Molodtsov hakubuni herufi kwa kupenda mapambo. Alizibuni kwa sababu sauti zilikuwepo mdomoni na hazikuwa na mahali pa kukaa kwenye karatasi.

Mkate kwa herufi tatu, mkate kwa herufi nne

Mfano mmoja utatosha kuonesha jambo hili. Neno la Kikomi lenye maana ya mkate hutamkwa nyany. Ni sauti tatu: ny, kisha a, kisha ny tena. Kwa alfabeti ya Molodtsov neno hilo liliandikwa hivi:

ԋаԋ

Sauti tatu, herufi tatu. Mtoto aliyejifunza herufi mbili tu, ԋ na а, angeweza kulisoma na kuliandika bila kukosea.

Leo neno hilohilo huandikwa kwa kufuata desturi ya Kirusi:

нянь

Hapa herufi ni nne. Ny ya kwanza imeandikwa kwa н, yaani n ya kawaida, na msomaji hujua kwamba ni ny kwa kuitazama irabu inayofuata, я, ambayo huilainisha konsonanti iliyoitangulia. Ny ya mwisho haifuatwi na irabu, kwa hiyo imewekewa ь, alama isiyo na sauti yake yenyewe, ambayo kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba konsonanti iliyopita ni laini. Sauti moja imeandikwa kwa njia mbili ndani ya neno moja.

Neno hili mkate limesafiri mbali kuliko Wakomi wenyewe. Warusi wana chakula mashuhuri kiitwacho pelmeni, vipande vya unga vilivyokunjwa na kujazwa nyama. Wataalamu wa asili ya maneno wanalitoa jina hilo katika lugha za Wakomi na Waudmurti, katika neno lenye maana ya mkate wa sikio, kwa kuwa kila kipande hufanana na sikio dogo. Kwa tahajia ya leo neno hilo ni пельнянь, herufi nane. Kwa Molodtsov lingekuwa пеԉԋаԋ, herufi sita.

Ni haki pia kuwasikiliza waliokuwa na shaka. Herufi mpya zilihitaji vipande vya chuma vya kuchapia vilivyotengenezwa mahsusi, na si kila kiwanda cha uchapaji kingeweza kuvipata. Mtoto wa Kikomi aliyetakiwa kujifunza pia Kirusi alilazimika kukariri alfabeti mbili zilizofanana kwa sehemu na kutofautiana kwa sehemu. Hoja hizo zilikuwa na uzito, na watu wenye nia njema wangeweza kuzijadili kwa miaka mingi. Lakini mjadala haukupewa miaka mingi.

Mara tatu ndani ya miaka michache

Katika miaka ya 1920 alfabeti ya Molodtsov ilifanya kazi iliyokusudiwa. Mwaka 1921 Wakomi walipata mkoa wao wenye mamlaka ya ndani. Vitabu vya shule vilichapwa, watu wazima wasiojua kusoma walifundishwa, na waandishi walipata wasomaji. Viktor Savin, mshairi na mwandishi wa tamthilia, alikuwa katika kizazi hicho kilichojenga jukwaa la maigizo la Kikomi.

Kisha upepo ukageuka. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 serikali ya Kisovieti ilianza kampeni kubwa ya kuzihamishia lugha za mataifa madogo kwenye herufi za Kilatini. Ilidaiwa kwamba herufi za Kirusi zilikuwa ukumbusho wa utawala wa kifalme na umishonari wake, na kwamba Kilatini kingewaunganisha wafanyakazi wa dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kikomi nacho kikahamishwa. Herufi za Kilatini zilizotumika zilikuwa na nyongeza zake, maana sauti za Kikomi zilikuwa zilezile.

Upepo ukageuka tena. Mwaka 1936 Kilatini kikaachwa na herufi za Molodtsov zikarudi. Zilirudi kwa muda mfupi tu. Machi 1938 serikali kuu ilitoa amri ya kufanya somo la Kirusi kuwa la lazima katika shule zote zisizo za Kirusi, na katika kipindi hichohicho alfabeti za mataifa madogo zilikuwa zikisogezwa karibu na Kirusi kadiri ilivyowezekana. Mwaka huo Kikomi kikapewa alfabeti ya tatu: herufi zote 33 za Kirusi, pamoja na mbili za ziada, ӧ na і. Herufi nane za Molodtsov zikafutwa.

Tuchukulie mtoto aliyezaliwa mwaka 1917. Akiwa na miaka minane alijifunza kusoma kwa herufi za Molodtsov. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi aliambiwa asome kwa Kilatini. Alipotimiza miaka kumi na tisa alirudishwa kwenye herufi za utotoni. Alipotimiza ishirini na moja aliambiwa nazo hazitumiki tena. Lugha aliyozungumza na mama yake haikubadilika hata siku moja. Kilichobadilika mara tatu ni ruhusa ya namna ya kuiandika.

Miaka hiyo ilikuwa migumu pia kwa waandishi wenyewe. Vasily Lytkin, mshairi na mwanaisimu, alikamatwa mwaka 1933. Viktor Savin alikamatwa mwaka 1937 na kufariki kambini mwaka 1943. Haitakuwa sahihi kusema kwamba walikamatwa kwa sababu ya herufi. Lakini ni sahihi kusema kwamba, katika nchi ambamo kuipenda lugha yako kupita kiasi kungeweza kuitwa uhaini, hakukuwa na mkutano wa walimu ambao ungethubutu kupiga kura dhidi ya alfabeti iliyoletwa kutoka juu.

Kilichopotea na kilichobaki

Ni nini hasa kilichopotea mwaka 1938? Tusizidishe chumvi. Kikomi hakikufa. Vitabu vizuri vimeandikwa kwa alfabeti mpya, na watu wameizoea kama sisi tulivyoizoea ny yetu. Lakini vitabu na magazeti ya miaka ya 1920 yamebaki upande wa pili wa ukuta. Mkomi wa leo akiyafungua hatayasoma kwa wepesi mpaka afunzwe kwanza herufi za babu yake.

Kuna jambo jingine linalostahili kuangaliwa. Mageuzi ya 1938 yalikusudia kuondoa herufi za ziada, lakini lugha ilidai haki yake kwa mlango wa nyuma. Katika tahajia ya Kirusi irabu и, yaani i, huilainisha konsonanti inayoitangulia. Kikomi kinahitaji kuandika n ngumu kabla ya i pia. Ndiyo sababu ikabidi ibaki і, herufi ya pili ya i, ili kumwonya msomaji kwamba konsonanti hailainiki. Molodtsov alikuwa na i moja tu. Ukiifukuza sauti mahali pamoja, itabisha hodi mahali pengine.

Na Wakomi wenyewe? Mwaka 1992 sheria ya Jamhuri ya Komi ilikitambua Kikomi kuwa lugha ya dola pamoja na Kirusi. Lakini mwaka 2018 sheria ya shirikisho ilifanya masomo ya lugha za wenyeji katika shule kuwa ya hiari. Katika sensa ya mwaka 2010 watu takriban 228,000 walijitambulisha kuwa Wakomi. Katika sensa ya mwaka 2021 idadi iliyotangazwa ilikuwa takriban 143,000. Jumba la maigizo la Syktyvkar lina jina la Viktor Savin. Vasily Lytkin alinusurika, akarudi kwenye utafiti, na mwaka 1952 akachapisha kitabu chake kuhusu lugha ya kale ya Wakomi, ile iliyoandikwa kwa Anbur.

Herufi ԋ nayo ilipata makazi ya ajabu. Mwaka 2002 iliingizwa katika Unicode, mfumo unaoziwezesha kompyuta duniani kote kutambua herufi za lugha mbalimbali, pamoja na wenzake wote saba, kubwa na ndogo. Ndiyo sababu nimeweza kuichapa hapa na wewe ukaiona. Herufi iliyofukuzwa darasani sasa inaweza kutumwa kwa simu, ingawa hakuna mtoto anayefundishwa kuisoma.

Funzo la kiraia

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, Kiswahili hakikupitia hali kama hiyo? Kilipitia. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na washairi wa mwambao waliacha hazina kubwa katika hati hiyo. Herufi za Kilatini zilienezwa na wamishonari na serikali za kikoloni, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha tahajia kwa msingi wa Kiunguja. Uamuzi huo nao haukutokana na kura ya wasemaji. Hata hivyo, tahajia ile ilikaa. Vizazi vilipata muda wa kuijifunza, kuifanya yao, kuandikia humo riwaya, katiba, barua za mapenzi na mitihani. Mjukuu anaweza kusoma barua ya bibi yake.

Kwa hiyo funzo la kisa hiki si kwamba herufi moja kwa kila sauti ni bora kuliko herufi mbili. Ny yetu inafanya kazi yake vizuri tu. Funzo ni kwamba maandishi ni mali ya umma, kama kisima cha kijiji. Anayetaka kukihamisha kisima hana budi kuwauliza wachotao maji. Mwaka 1918 walimu wa Kikomi waliulizwa. Katika miaka ya 1930 waliarifiwa tu. Katika nchi zetu zipo lugha nyingi ndogo ambazo hadi leo zinatafuta tahajia, kamusi na vitabu vya darasa la kwanza. Siku moja baadhi yenu mtakuwa walimu, wachapishaji, madiwani au wabunge, na mambo hayo yatafika mezani penu. Siku hiyo mkumbukeni mtoto aliyezaliwa mwaka 1917.

Maswali ya tafakuri

1. Taja maneno mengine mawili ya Kiswahili yanayotofautiana kwa n na ny peke yake. Je, kuna sauti nyingine ya Kiswahili inayoandikwa kwa herufi mbili?

2. Eleza kwa maneno yako faida moja na hasara moja ya alfabeti ya Molodtsov.

3. Je, lugha yako ya kwanza ina sauti ambayo ni vigumu kuiandika kwa herufi za kawaida? Watu huiandikaje?

4. Ikiwa tahajia ya lugha ndogo katika nchi yako ingetakiwa kubadilishwa, unadhani ni akina nani wanaopaswa kukaa kwenye meza ya uamuzi? Toa sababu.